Nyumba na Mkoba

"Zima redio," Hanifah alisema, na Shafic alipokawia, aliunyosha mkono wake akaipapasa na kuizima mwenyewe. Ndani ya kichwa cha lori ukabaki mngurumo wa injini, na nje honi za boda boda za Bwera zikigombea abiria. Aliisogeza simu sikioni, akaigusa, na ile sauti ya kike inayomsomea kila kitu, Kiingereza kikavu kisichopanda wala kushuka, ikausoma ujumbe kwa mara nyingine. Mpendwa mwombaji. Tunasikitika kukujulisha kwamba hakuna nafasi ya kazi katika eneo ulilochagua, yaani Bwera. Usikate tamaa. Jaribu tena mwaka ujao.

"Mimi sikuchagua Bwera," alisema. "Bwera ninaishi."

Kaka yake alibadilisha gia. Alikuwa njiani kwenda Katunguru kupakia samaki, kama ilivyokuwa desturi yake, na Hanifah alikuwa amepanda bila kusema anakwenda wapi.

"Nilikuambia," Shafic alisema mwishowe, kwa upole ambao ulikuwa mbaya kuliko ukali. "Nilisema wacha mimi nijaze, mimi iko na macho. Ukakataa. Sasa ona."

"Utanipitisha Kasese kwanza, pale ofisini kwa hao walioniandikia."

"Kufanya nini?"

"Kuuliza."

Alisema kuuliza kwa sababu neno lile lilikuwa jepesi kulitoa mdomoni. Alichokuwa anakwenda kukifanya hakuwa na jina lake. Alikaa na kompyuta yake mapajani, amekumbatia mkoba wake kama mtu aliyebeba chungu cha uji wa moto.

Hanifah aliacha kuona akiwa mdogo, baada ya surua. Baba yao, mfanyabiashara wa chumvi, alimpeleka mbali kwenye shule ya bweni iliyokuwa na kitengo cha watoto wasioona, na huko akajifunza kusoma kwa vidole, nukta nundu zikawa ndio macho yake. Alisoma mpaka akapata cheti cha ualimu. Kisha baba akafariki, naye akarudi Bwera na cheti chake ndani ya bahasha ngumu, akapewa chumba nyuma ya duka la Shafic. Asubuhi alimsaidia shemeji yake Jamira kuchambua maharage ya kuuza. Vidole vyake havikuacha jiwe hata moja. Wateja walianza kuyaulizia maharage ya Hanifah, na jirani mmoja alimwambia Jamira kwamba kweli huyu amepata kazi inayomfaa. Hanifah alikuwa amekaa palepale, sinia magotini. Aliendelea kuchambua, lakini siku ile alipoinuka alikuwa na maumivu ya taya kwa jinsi alivyokaza meno.

Ndipo redio ikatangaza. Shirika moja lenye ofisi Kasese lilikuwa linatafuta walimu wa shule kadhaa, akiwemo mwalimu wa watoto wasioona, kwa kitengo kipya katika shule moja ya Bulembia. Anayetaka kazi aombe kwa njia ya mtandao tu.

Alikwenda kwenye mgahawa wa intaneti pale Bwera na kompyuta yake kuukuu, ile iliyotiwa programu ya kusoma kilicho kwenye kioo. Alivaa vifaa vyake masikioni, akaifungua fomu. Mwanzo ilikuwa raha. Jina, ilisema sauti, naye akaandika jina. Tarehe ya kuzaliwa, akaandika. Chuo ulichosoma, akaandika, akitabasamu peke yake. Halafu akafika kwenye kisanduku ambacho sauti ilikisoma kwa neno moja tu: chagua.

Chagua nini? Alibonyeza mshale wa chini na wilaya zikaanza kupita: Bundibugyo, Kabarole, Kasese. Akachagua Kasese, na chini yake kikafunguka kisanduku cha pili. Chagua. Humo mlikuwa na miji na kaunti ndogo za wilaya ile. Ukichagua mji, kinafunguka cha tatu, chagua, humo ndimo parishi, yaani mitaa ya mji ule. Hapo alikuwa bado hajachanganyikiwa. Lakini alipovuka kile cha tatu alikuta kingine. Chagua. Bundibugyo, Kabarole, Kasese. Mnyororo uleule ulikuwa unaanza upya.

Alirudi nyuma akasikiliza tena, polepole, kila kitu. Hakukuwa na neno lingine. Mnyororo mmoja ulikuwa unauliza jambo moja na mnyororo wa pili jambo jingine, na hakuna uliosema unauliza nini. Unapoishi? Ulipozaliwa? Unapotaka kufanya kazi? Alipiga simu kwenye namba iliyoandikwa mwisho wa fomu. Mwanamume mmoja mwenye adabu alimsikiliza, akamshauri atafute mtu wa kumsaidia.

Mwenye mgahawa alikuwa hatua chache tu, angemwita angekuja. Hanifah hakumwita. Miaka michache nyuma, karani mmoja alimjazia fomu ya benki, akatazama fimbo yake nyeupe, akaandika kwamba mteja hajui kusoma wala kuandika. Hanifah aliligundua hilo baadaye sana, na tangu siku hiyo aliapa kwamba karatasi yoyote yenye jina lake ataijaza mwenyewe. Basi akafikiri kama mwalimu. Fomu ni ya kazi. Bila shaka wataanza kuuliza habari za kazi. Kwenye mnyororo wa kwanza akachagua Kasese, Bulembia, na parishi yenye ile shule. Kwenye wa pili akachagua Kasese, Bwera, na parishi ya nyumbani kwa Shafic. Akatuma. Sauti ikamwambia asante.

Ofisini Kasese walimpokea vizuri, na hilo lilimpotezea silaha ya kwanza. Alipewa kiti chenye mto. Alipewa chai ya maziwa, kikombe kikawekwa mkononi mwake na vidole vyake vikakunjwa kukizunguka, kana kwamba hajawahi kushika kikombe. Bwana Semu, mkuu wa mradi, alimsalimia kwa sauti kubwa, akitamka kila neno peke yake.

"Nasikia vizuri, bwana," Hanifah alimwambia. "Ni macho tu."

Alimweleza. Alieleza kwa mpangilio, kama somo, na Bwana Semu alikuwa akiitikia kila mahali panapostahili kuitikiwa. Mwisho akasema mambo ya kompyuta yeye hayajui vizuri, akamwita kijana aliyeitengeneza fomu, Sunday, aliyekuwa chumba cha pili. Sunday aliingia akiburuta kandambili. Alisikiliza kidogo tu, akaona ameshaelewa.

"Lakini madamu, maelezo yapo," alisema. "Hapa juu kuna picha ya nyumba. Hapa chini kuna picha ya mkoba. Nyumba ni pale mutu anaishi. Mkoba ni pale anataka kazi. Kila mutu anaelewa."

"Kila mtu nani?"

Sunday alicheka kidogo.

Hanifah aliiweka chai sakafuni. Alifungua kompyuta yake juu ya meza ya Bwana Semu, akaunganisha na intaneti yao, na safari hii hakuvaa vifaa masikioni. Aliipandisha sauti mpaka mwisho. Fomu ikafunguka, na ile sauti kavu ikajaa chumba kizima. Jina. Tarehe ya kuzaliwa. Chuo ulichosoma. Chagua. Chagua. Chagua. Chagua. Chagua. Chagua. Mtu aliyekuwa akipiga chapa chumba cha pili aliacha kupiga. Hanifah alirudi mwanzo akaipitisha tena, na alipotaka kuirudia mara nyingine Bwana Semu akasema basi, amesikia.

"Picha haisemi," Sunday alisema, taratibu, kama mtu anayejiambia mwenyewe. "Sikuiandikia neno."

Alivuta kiti, akakaa mbele ya kompyuta yake, akaanza kuandika. Vidole vyake vilikuwa vyepesi. Hanifah aliinama akakiokota kikombe chake, akanywa funda moja, funda la pili. Alipofika kwenye la tatu kijana alisema amemaliza, afungue tena. Akafungua.

Wilaya unayoishi, ilisema sauti. Chagua. Mji au kaunti ndogo unayoishi. Chagua. Parishi unayoishi. Chagua. Wilaya unayotaka kufanya kazi. Chagua.

"Imekwisha," Sunday alisema. Alikuwa amefurahi kweli, furaha ya fundi. "Rahisi tu."

Chai ilikuwa bado ya moto. Hanifah aliusikia moto wake viganjani, na ndipo kitu kilichokuwa kimekaa tuli tangu Bwera kikapanda. Kama wangemwambia haiwezekani, angekubali. Angekwenda nyumbani akamlaani mtu aliyevumbua kompyuta, au surua, angepata pa kuituliza hasira yake. Lakini yalikuwa maneno machache juu ya visanduku. Kijana ameyaandika akiwa amevaa kandambili, na chai haijapoa.

"Rahisi," alisema. "Ingekuwa ngumu ningekusamehe."

Akaendelea, na sauti yake haikupanda. Aliwaambia alipiga simu akajibiwa kwa adabu. Aliwaambia shirika lao linatafuta mwalimu wa watoto wasioona, na katika watu wote waliokaa kuitengeneza fomu, hakuna hata mmoja aliyewaza kwamba labda mwalimu huyo naye atakuwa haoni. Aliwaambia nyumbani kwao sasa kila mtu anaamini alikosa kazi kwa kiburi cha kutaka kujaza mwenyewe. Kisha akaomba jambo moja: maombi yake yasomwe upya, nyumba iwe Bwera na mkoba uwe Bulembia, kama alivyokusudia.

Bwana Semu alikohoa. Alisema anamwelewa kabisa. Alisema orodha ilishakwenda Kampala na mwalimu ameshaanza kazi, binti mmoja mzuri anaitwa Evas.

"Anajua nukta nundu?"

"Atajifunza polepole."

"Nani anamfundisha?"

Bwana Semu alisema hayo yote yanaangaliwa. Halafu, kwa sauti iliyochangamka ghafla, akasema kwamba hata hivyo ujio wake umekuwa baraka. Mwezi ujao kutakuwa na warsha, angependa Madamu Hanifah aje awaeleze wenzao wa mashirika mengine jambo hili hili. Posho ndogo haitakosekana. Akiwa bado anaongea, Hanifah alisikia mlio mdogo, kavu, upande wa mlango.

"Nani amenipiga picha?"

Ilikuwa ya taarifa tu, Bwana Semu alisema, ya kuwaonyesha wafadhili kwamba walengwa wanashirikishwa.

"Ifute."

"Hakuna ubaya, madamu."

"Ifute. Siondoki hapa."

Kukawa na kunong'ona, na sauti ya kucha ikigusa kioo cha simu. Wakamwambia imefutwa. Alisimama pale ameielekeza pua yake mahali ilipotoka sauti, na akatambua kwamba hana njia yoyote ya kujua. Alimwita Sunday kwa jina. Alimuuliza kama imefutwa kweli. Kandambili zikaburutwa kuelekea mlangoni, kucha ikagusa kioo tena.

"Sasa ndiyo," alisema. "Nimeifuta mimi."

Alifunga kompyuta yake akatoka, na fimbo yake iligonga kila mguu wa meza uliokuwa njiani, na hakujaribu kuizuia.

Alimwambia mwenye boda boda ampeleke Bulembia, kwenye ile shule. Njiani upepo ulianza kupoa, barabara ikapanda, na upande mmoja ukaja mlio wa mto Nyamwamba ukisukuma mawe yake. Hanifah alikuwa anajua hasa anakwenda kwa nani sasa. Alikuwa anatunga maneno. Yalikuwa makali na mazuri, na aliyapanga kwa utaratibu ili asisahau hata moja.

Kitengo kilikuwa chumba cha mwisho, mbali na madarasa mengine. Kabla hajafika mlangoni alisikia watoto wakiimba majina ya miezi, wakifika Desemba wanarudi Januari, na sauti moja ya mwanamke ikiimba pamoja nao, imekauka, ya mtu aliyeimba tangu asubuhi kwa kukosa kitu kingine cha kufanya. Fimbo yake ilipogonga kizingiti wimbo ulikatika.

"Wewe ndiwe Evas?"

"Ndiyo, mwalimu." Hanifah hakumuuliza amejuaje kwamba yeye ni mwalimu. Huenda alikuwa ameutazama ule mkoba, huenda ni ile fimbo. "Karibu. Nilikuwa naomba Mungu mutu kama wewe aje."

Maneno yote aliyoyatunga njiani yakabaki bila mlango wa kutokea. Evas alikuwa ameshamshika mkono, mkono wenyewe ulikuwa umelowa jasho, na alikuwa anasema kwa haraka, kwa sauti ya chini ili watoto wasisikie, kwamba yeye aliomba kufundisha darasa la tatu. Kwao ni Kahendero, kule ziwani. Alipojaza fomu aliweka Bulembia kwa sababu ana shangazi hapa. Wakampigia simu wakamwambia nafasi iliyopo Bulembia ni hii. Aliwaambia hajui. Wakamwambia atajifunza.

"Nilipoteza usingizi," alisema. "Nawafundisha nyimbo. Wamezimaliza zote."

Hanifah aliuliza kama kuna mashine. Evas alisema zipo, zimo kabatini, hajawahi kuzigusa kwa kuogopa kuziharibu. Kabati likalia. Kitu kizito kikawekwa mezani mbele yake, na Hanifah akakivua kifuniko. Mashine ya nukta nundu, mpya, bado ina harufu ya mafuta ya kiwandani. Alipitisha vidole juu ya vitufe vyake sita, na kile cha katikati kirefu cha kuachia nafasi, na kengele ndogo iliyofichwa pembeni. Alikuwa hajaigusa mashine ya aina hii tangu atoke chuoni.

"Nifundishe," Evas alisema.

Hasira ikarudi yote, na safari hii ilikuwa na miguu.

"Nikufundishe wewe, ndipo ukae mahali pangu ufundishe?"

"Ndiyo," Evas alisema.

Hakuomba msamaha. Alisema ndiyo kama mtu anayetaja hali ya mvua. Hanifah alisubiri aseme neno jingine ambalo lingemrahisishia kuondoka, halikuja. Alimwambia basi asikilize vizuri, kwa sababu yeye hakuajiriwa hapa, halipwi na mtu, na hatakuja kesho kufanya bure kazi waliyomnyima. Warsha wakafanye wenyewe, na huruma wakapeane wao kwa wao. Evas alisema sawa. Hanifah alimwambia alete karatasi nzito. Evas akaleta.

Alimwonyesha namna ya kuiingiza karatasi, kwa ukali, akimvuta mikono. Alimshika kidole cha shahada cha mkono wa kushoto akakiweka kwenye kitufe kinachogusana na kile kirefu cha katikati.

"Bonyeza."

Mashine ikatoa pigo moja.

"Hiyo ni a. Ongeza kidole kinachofuata, bonyeza vyote viwili, ni b. Herufi nyingine waambie wakutafutie mwalimu."

Akavaa mkoba wake begani na kutoka. Evas alimfuata mpaka mlangoni, akauliza kama amwitie boda boda, naye akakataa. Shafic alikuwa amempigia simu kwamba anarudi na mzigo, atapanda kumchukua njia panda chini ya shule. Hanifah aliufuata ukuta, akateremka mpaka fimbo ikagusa jiwe kubwa kando ya barabara, akaketi juu yake. Mto ulikuwa karibu zaidi huku. Alijiambia akifika Bwera ataandika barua, si kwa Bwana Semu, bali kwa hao waliopelekewa orodha, na ataiandika mwenyewe, na kila kitu atakiita kwa jina lake. Alianza kuitunga. Sentensi ya kwanza ilikuwa nzuri. Ya pili haikuja, kwa sababu huko juu, kwenye chumba cha mwisho, mashine ilikuwa imeanza.

Pigo moja. Pigo moja. Pigo moja. Ilikwenda hivyo hivyo, a baada ya a, mpaka mwisho wa mstari, na kengele ikalia, na mtoto mmoja akacheka kwa mshangao. Kisha ikaanza upya, na safari hii mapigo yalikuja mawili mawili, moja nyuma ya jingine, yakikosana, ta-ta, ta-ta, kidole kimoja kikimwogopa mwenzake.

"Pamoja," Hanifah alisema kwa hasira, na hapakuwa na mtu wa kumsikia. "Vidole pamoja."

Honi ya lori ilisikika mbali, upande wa mjini, ikipanda. Alisimama, akaigeuza fimbo yake mkononi, na bado uso wake ulikuwa umeelekea shuleni. Ta-ta, ilisema mashine. Ta-ta.